Mwalimu Anayeitwa Kutafsiri: Walatina na Njia ya Kwenda Ofisi ya Mkuu wa Shule

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mapokezi ya shule ya msingi kwenye kitongoji cha Dallas. Mama ametoka zamu ya usiku, ameshika bahasha ya shule, anataka kujua kwa nini mwanawe ameitiwa kikao cha elimu maalumu. Karani anajua Kihispania cha salamu tu. Anainua simu na kupiga darasani: "Mwalimu, njoo dakika mbili tu." Dakika mbili zinakuwa ishirini na tano, huku jirani wa chumba cha pili akichunga madarasa mawili. Mwalimu aliyeitwa, ambaye wazazi wote humwita Maestra, anamweleza mama haki zake, anamtuliza, anagundua kwamba fomu ya lugha ya nyumbani ilijazwa vibaya tangu siku ya uandikishaji, na anaiepusha shule na malalamiko rasmi. Kisha anarudi kufundisha. Kazi ile haikuandikwa popote.

Ukitaka kuelewa safari ya wanawake wa Kilatino wa Marekani kwenda kwenye uongozi wa shule, anzia hapo mapokezi. Nasema Walatina, yaani wanawake wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador na kwingineko Amerika ya Kilatini, wengi wao wazaliwa wa Marekani kabisa. Hao hawakosi kazi za uongozi. Wanazifanya miaka nenda rudi, bila cheo, bila saini na bila fungu la bajeti. Na anayetafuta mkuu wa shule huuliza juu ya saini na bajeti.

Takwimu zinahitaji kusomwa taratibu, kwa sababu watu wengi huzisoma vibaya. Katika mwaka wa masomo wa 2020–21, Walatino walikuwa kama asilimia 28 ya wanafunzi wa shule za umma nchini humo. Walimu Walatino, wanaume kwa wanawake, walikuwa asilimia 9. Wakuu wa shule nao asilimia 9. Kwa hiyo pengo kubwa kuliko yote liko kati ya dawati la mwanafunzi na meza ya mwalimu: binti anayemaliza sekondari lakini hafiki kwenye shahada na leseni. Kati ya darasa na ofisi ya mkuu, kwa macho ya haraka, hakuna kinachovuja.

Lakini tazama ni shule zipi. Mwaka 2017–18 wanawake waliongoza takriban theluthi mbili ya shule za msingi za umma, na theluthi moja tu ya sekondari za juu. Juu zaidi kuna superintendenti, mtendaji mkuu wa wilaya nzima ya shule, na huko mwaka 2020 wanawake wa asili zote walikuwa kama robo tu, wakati darasani wao ni zaidi ya robo tatu. Bodi nyingi hupenda superintendenti aliyewahi kuongoza sekondari kubwa yenye timu za michezo, bajeti nene na makamu wanne. Mlatina aliyepita njia ya madarasa ya lugha mbili hupatikana shule ya msingi, kwa sababu programu hizo ziko huko zaidi. Tena shule nyingi ndogo za msingi hazina nafasi ya makamu mkuu, basi ngazi inakosa kipago cha katikati.

Mlango wenyewe wa lugha mbili ulifunguliwa kwa sheria na kwa ubishi. Sheria ya shirikisho ya elimu kwa lugha mbili ilipitishwa 1968. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau, iliamua kwamba kumkalisha mtoto darasani asikoelewa lugha si kumpa elimu sawa. Texas ilikuwa na sheria yake ya lugha mbili tangu 1973. California ilifanya kinyume mwaka 1998, wapiga kura wakayabana karibu madarasa yote ya namna hiyo, hadi kura nyingine ya 2016 ilipoyafungulia tena. Miaka hiyo 18 ndiyo ambayo mabinti wengi wa California wangekuwa wanaingia ualimu kupitia mlango huo.

Wengi hawaanzii hata ualimu. Wanaanza kama walimu wasaidizi wanaolipwa kwa saa, wanaokaa na vikundi vya watoto wanne watano mwisho wa darasa. Hapa kuna njia nzuri isiyotangazwa vya kutosha: programu za kumsomesha mfanyakazi wa shule asiye mwalimu mpaka apate leseni. California ilitenga dola milioni 20 mwaka 2016 kwa ajili hiyo, kila mshiriki akipata hadi dola 4,000 kwa mwaka. Kinachowakwamisha wengi ni mafunzo ya vitendo darasani, ambayo humtaka mtu awepo siku nzima kwa wiki kadhaa, wakati mshahara wake wa saa unasimama. Anayepanga safari hii aanze na swali moja kwa wilaya yake kabla ya kulipa ada yoyote: nikiwa kwenye vitendo, nitabaki kwenye orodha ya mishahara na bima ya afya? Jibu likiwa hapana, aweke akiba ya miezi minne au atafute programu inayomruhusu kufanyia vitendo kituoni kwake.

Tuseme sasa ni mwalimu, ana miaka mitano darasani na watu wamemzoea. Hapo ndipo huja ofa inayofanana na kupandishwa cheo: mratibu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, au mkufunzi wa kusoma. Ni kazi nzuri, na nimechelea kuiita mtego, lakini mara nyingi ndivyo ilivyo. Mratibu anashauri, haamuru. Hatii saini tathmini ya mwalimu, hapangi ratiba kuu, hagusi fedha. Miaka sita baadaye anajua kila mtoto na kila mzazi, na kwenye usaili anaulizwa, "Umewahi kumwondoa kazini mwalimu aliyeshindwa?" Anayekubali ofa hiyo aweke masharti siku ileile: awe mwenyekiti wa kikao fulani, apewe fungu dogo la bajeti asimamie mwenyewe, na aanze masomo ya leseni ya uongozi ndani ya mwaka mmoja.

Leseni hiyo hutofautiana kwa jimbo. Texas inataka shahada ya uzamili, miaka miwili ya kufundisha, programu iliyoidhinishwa yenye saa 160 za vitendo, na mitihani miwili. Saa 160 zinaonekana chache mpaka uzipigie hesabu. Sheria ya Texas humpa mwalimu dakika 450 za maandalizi kila wiki mbili, yaani saa 3 na dakika 45 kwa wiki. Kwa wiki 36 za masomo hizo ni saa 135. Maana yake, hata akitoa kila dakika ya maandalizi yake mwaka mzima, na asisahihishe daftari hata moja, bado atapungukiwa saa 25. Kwa hiyo saa zinatafutwa alfajiri, jioni na shule ya kiangazi, na mwenye watoto wadogo au mama mzazi wa kumtunza anazilipia kwa shida.

Halafu saa zinaliwa na kazi isiyo yake. Mkuu anamwona Maestra yupo baada ya saa za kazi, anamwambia akae mapokezi akalimani, asimamie mabasi, apokee wazazi. Yote hayo huandikwa kwenye daftari la vitendo kama "ushirikiano na jamii," msimamizi anatia saini, na mtihani ukija anakuta hajawahi kukaa nyuma ya darasa la mtu na kuandika tathmini. Mimi ningezigawa saa hizo kabla ya kuanza, na mgawo huo ningemtaka mkuu autie saini: 40 za kuangalia ufundishaji na kurudisha mrejesho, 35 za takwimu na mpango wa maendeleo ya shule, 30 za ratiba kuu, 20 za bajeti, 20 za kuongoza vikao vya elimu maalumu, 15 za nidhamu. Ukalimani sifuri. Shule ikihitaji mkalimani, imlipe mkalimani. Kutafsiri kikao cha kisheria si kuzungumza lugha mbili tu, na mtu hawezi kuwa mkalimani na mjumbe wa kikao hichohicho bila kuharibu kimojawapo.

Mtihani wa kwanza, ule wa ukuu wa shule, una maswali ya kuchagua na mengine manne ya kuandika maelezo, yote kwa muda wa saa tano. Watu hufeli ya kuandika, na sababu hasa si lugha. Msahihishaji anataka uonyeshe ushahidi kutoka kwenye nyaraka ulizopewa: jedwali la matokeo, dodoso la walimu, dondoo za somo. Mtahiniwa anayeandika "ningejenga utamaduni wa kushirikiana" bila kutaja mstari hata mmoja wa jedwali hapati kitu. Zoezi linalofaa ni kuchukua ukurasa mmoja wa matokeo ya shule yako, kujiwekea dakika 30, na kuandika tatizo moja, vithibitisho viwili, hatua mbili na jinsi utakavyojua kama zimefanya kazi. Rudia mara kumi. Mtihani wa pili ni wa vitendo, wenye kazi tatu zinazoandikwa shuleni kwako, mojawapo ikiwa na video yako ukiongoza timu ya walimu. Anayechelewa kukusanya fomu za ridhaa za wote watakaoonekana hukuta hana video ya kutuma.

California inataka miaka mitano ya kazi, na tathmini ya vitendo yenye mizunguko mitatu: takwimu na usawa, kuongoza kundi la walimu, na kumlea mwalimu mmoja. Kuna jambo hapo ambalo wengi hawalijui. Aliyemaliza programu bila kupata ajira ya uongozi hupewa cheti cha kustahiki kisichokwisha muda. Saa ya miaka mitano ya leseni ya awali huanza kuhesabiwa akiajiriwa, na ndani yake lazima amalize miaka miwili ya malezi kazini pamoja na mlezi aliyepangiwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri nafasi itangazwe ndipo uanze kusoma.

Fedha nazo zizungumzwe waziwazi, maana kwenye familia nyingi za Kilatino mshahara wa binti mwalimu hauishii kwake. Chukua mfano wa Texas, tarakimu za kubuni lakini hesabu ni ya kweli. Mwalimu wa lugha mbili analipwa dola 64,000, na posho ya lugha 4,000: jumla 68,000 kwa mkataba wa siku 187. Hiyo ni dola 363 na senti kwa siku. Anapewa umakamu kwa dola 76,000, mkataba wa siku 210, posho imeondoka kwa sababu ilifungwa kwenye darasa. Gawa: dola 361 na senti. Amepandishwa cheo, anakaa mpaka saa tatu usiku kwenye mechi, na kila siku yake ina thamani ndogo kuliko jana. Ndiyo maana mwerevu, kabla ya kutia saini, huuliza siku za mkataba, si mshahara tu, na huomba posho ihamie naye kama ataendelea kuhudumia wazazi kwa Kihispania. Baadhi ya wilaya hukubali. Ambaye hakuomba hapewi.

Bajeti ndiyo sehemu ambayo Mlatina aliyekulia kwenye lugha mbili ana silaha asiyoijua. Tangu 2019 Texas hulipa wilaya nyongeza ya 0.1 ya kiwango cha msingi kwa kila mtoto anayejifunza Kiingereza aliye kwenye programu ya lugha, na 0.15 akiwa kwenye programu ya lugha pacha, ambamo masomo hufundishwa kwa lugha zote mbili. Kwa kiwango cha dola 6,160 kilichowekwa mwaka huo, ni dola 616 dhidi ya 924, tofauti ya 308 kwa mtoto anayehudhuria mwaka mzima. Watoto 200 ni dola 61,600, karibu mshahara wa mwalimu mmoja. Anayeingia kwenye usaili na hesabu hiyo kichwani ataonekana mtu wa fedha, na hakuna atakayemwona kama "yule anayejua Kihispania."

Usaili wenyewe huangukia kwenye neno dogo. Walatina wamelelewa, kama sisi tulivyolelewa, kwamba mwenye adabu hajitangazi, akisifiwa husema "tulisaidiana." Wao huita *respeto*. Kwenye meza ya jopo, "tulisaidiana" husikika kama "sikufanya." Tuseme alikuwa mwenyekiti wa kamati ya lugha, ile ambayo Texas huitaka imtambue na kumpangia programu mtoto mgeni ndani ya wiki nne tangu aandikishwe. Jibu la kwanza: "Tulishirikiana na wazazi kuhakikisha watoto wanapata huduma." Jibu la pili: "Nilipopewa kamati, mafaili 11 yalikuwa yamepitiliza wiki nne. Niligundua fomu zinakaa kwa karani hadi Ijumaa. Nikaagiza ziletwe siku hiyohiyo, nikapanga vikao Jumanne na Alhamisi, na kufikia Novemba hakuna faili lililochelewa." Kazi ni ileile. Ya pili ina aliyeamua, kilichoharibika, sababu na tarehe. Walimu wenzake watajwe baadaye, kwa majina yao na kazi waliyofanya.

Wapo waliovuka yote haya hadharani. Susana Cordova alisoma shule za umma za Denver, akaanza kufundisha humohumo mwaka 1989, akapita madarasa ya lugha mbili, akawa mkuu wa shule ya msingi, akapanda makao makuu. Nusu ya kwanza ya 2016 alikaimu usuperintendenti bosi wake alipochukua likizo, na mimi naona miezi hiyo sita ilimsaidia kuliko vyeo vyote vya ushauri, kwa kuwa saini ilikuwa yake. Januari 2019 akapewa kiti rasmi. Februari, wiki chache tu baadaye, walimu wa Denver waligoma kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25, mgomo wa siku tatu juu ya mfumo wa mishahara ulioanza zamani kabla yake. Mwishoni mwa 2020 aliondoka, akaenda Dallas kuwa naibu. Mwaka 2023 akawa kamishna wa elimu wa jimbo la Colorado. Soma mfululizo huo na utaona jambo linalojirudia kwa wanawake wengi: kiti hutolewa moto ukiwa tayari unawaka.

Anayetoa kiti ni bodi, na bodi huchaguliwa na wananchi. Crystal City, mji mdogo wa wakulima wa spinachi kusini mwa Texas, walilielewa hili mapema. Desemba 1969 wanafunzi wenye asili ya Meksiko, wakiongozwa miongoni mwao na msichana Severita Lara, waligomea shule. Cheche ilikuwa kanuni za kuchagua wasichana wa kushangilia timu, ingawa madai yao yaligusa pia elimu kwa lugha mbili. Aprili 1970 wazazi wao walipiga kura na kuigeuza bodi. Anayewinda usuperintendenti leo asihudhurie kikao cha bodi siku ya usaili kwa mara ya kwanza. Vikao viko wazi, kumbukumbu zake huchapishwa. Asome za miezi 12 nyuma aone nani huuliza juu ya fedha, nani juu ya mipira, na nani hupiga kura peke yake.

Vyama vya Walatino viongozi wa elimu vipo: ALAS kitaifa, CALSA California, TALAS Texas. Huko hupatikana mlezi rasmi. Lakini wanawake wenyewe husema zaidi juu ya *madrina* na *comadres*, yaani somo na marafiki wa kike wa kazini, ambao humwambia mtu ukweli saa nne usiku kwa simu. Wote wawili wanahitajika, kwa kazi tofauti. Rafiki atasoma barua yako ya maombi na kukukata maneno. Mwenye cheo, hata kama si Mlatino na hata kama hamjazoeana, ndiye atakayetaja jina lako kwenye chumba ambacho haumo. Kosa la kawaida ni kuwa na marafiki saba, na wa kukutaja jina hata mmoja hakuna.

Msomaji wa Kiswahili aliye Houston au Fort Worth huenda ameshaanza kujiona hapa. Familia kutoka Kongo hujaza fomu ileile ya lugha ya nyumbani, na mwalimu msaidizi anayejua Kiswahili huitwa mapokezi vilevile. Kanuni ya Texas haisemi Kihispania: wilaya yenye watoto 20 wanaojifunza Kiingereza wa lugha moja katika darasa la ngazi moja la shule za msingi hutakiwa kuwa na programu ya lugha mbili, na ikikosa walimu wenye cheti huomba ruhusa ya kufanya vinginevyo. Walimu wenye cheti ndio wanaokosekana. Njia waliyoichonga Walatina kutoka meza ya usaidizi iko wazi kwa huyu pia, pamoja na mashimo yake yote.

Jambo la mwisho ni kalenda. Nafasi za umakamu Texas hutangazwa kwa wingi kati ya Machi na Juni. Mwalimu anaweza kuvunja mkataba bila adhabu hadi siku 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Baada ya hapo wilaya ikikataa kumwachia, cheti chake kinaweza kuingia matatani. Shule ikifunguliwa Agosti 12, siku ya mwisho ni Juni 28. Ofa ikija Julai, ombi la kuachiwa linakwenda kwa maandishi, na jibu linasubiriwa kwa maandishi pia, kabla ya kusema ndiyo popote.